Akiba ya Binti Yetu na Kodi ya Jimbo



Ndugu wasomaji, jambo nitakalolieleza hapa ni la hesabu na kodi, nami najua ya kuwa watu wengi wakiliona neno kodi hufunua ukurasa unaofuata. Nawaombeni mstahamili kidogo, kwani ndani ya hesabu hii mna mtoto, mna mama mzazi, na mna riba, nayo ni mambo matatu ambayo hapana nyumba ya Kiislamu isiyoyawaza.

Mimi ni mtu wa Mombasa, mzaliwa wa Mji wa Kale, na tangu mwaka 2009 naishi na ahali yangu katika mji wa Indianapolis, jimbo la Indiana, huko Marekani. Kazi yangu ni ya ghalani: kupokea mizigo, kuihesabu na kuipakia katika magari. Mwaka 2010 Mwenyezi Mungu alituruzuku binti, na miaka minne baadaye akaturuzuku mvulana.

Binti alipotimia miaka sita, mke wangu alianza kumwekea akiba ya masomo ya chuo kikuu. Alikuwa katika mchezo wa fedha, ambao wengine huuita upatu, pamoja na wanawake wenziwe wa msikitini, na zamu yake ilipofika kila mwaka alizichukua dola 1,200 akazipeleka benki, katika akaunti isiyotoa riba hata senti moja. Zikakaa humo kama maji mtungini. Hazikuongezeka, na kwa kupanda kwa bei za vitu zikawa zapungua nguvu mwaka hata mwaka. Walakini zilikuwa safi, nasi tuliridhika nazo.

Nilichokuwa nikikiogopa si umasikini wa akaunti ile, bali ni mkopo. Vijana wengi wa huku huingia chuoni kwa mkopo wa serikali kuu, na mkopo huo una riba. Kwa mwaka wa masomo 2025–26 riba ya mkopo wa wanafunzi wa shahada ya kwanza iliwekwa kuwa asilimia 6.39. Nimewaona wana wa rafiki zangu, watu wa sala na saumu, wakitia saini karatasi hizo wakiwa na umri wa miaka 18, na wazee wao wamesimama kando wakitazama chini. Nilijiapiza kuwa binti yangu hatatia saini karatasi ile maadam mimi nina mikono miwili. Na si jambo lisilowezekana, kwani hapa Indiana chuo kikuu cha Purdue kimeiacha ada yake pale pale, chini kidogo ya dola 10,000 kwa mwaka kwa mwenyeji wa jimbo, kwa muda wa zaidi ya miaka kumi. Ada hiyo, bila ya malazi na chakula, ni kitu ambacho mtu wa ghalani aweza kukikusanya akianza mapema.

Basi kila mwaka mwezi wa Februari nilikuwa nikienda katika duka moja la watu wanaojaza karatasi za kodi kwa ujira. Nilikuwa nikiketi kitini, karani akiniuliza mshahara wangu, idadi ya watoto wangu na anwani yangu, kisha nikilipa na kuondoka. Kwa muda wa miaka sita hakuna hata mmoja wao aliyeniuliza kama nawawekea watoto wangu akiba ya masomo, wala mimi sikujua kuwa swali hilo lina thamani yoyote.

Mwezi wa Machi mwaka 2022, baada ya sala ya Ijumaa, ndugu mmoja mhasibu, mwenye asili ya Hyderabad, aliweka meza ukumbini mwa msikiti akawa awajazia watu karatasi zao fi sabilillahi. Niliketi kwake, na swali lake la tatu lilikuwa hilo. Nilipomwambia kuwa ndiyo, tunayo dola 7,200 benki, aliiweka kalamu chini akanitazama kama mtu amtazamaye mgeni aliyelala nje ilhali mlango u wazi.

Akanieleza kuwa katika sheria ya kodi ya serikali kuu ya Marekani kiko kifungu cha 529, kilichotungwa mwaka 1996, chenye kuziruhusu serikali za majimbo kuanzisha mipango ya akiba ya masomo. Asili yake ni jimbo la Michigan, ambalo lilianza mwaka 1986 kwa mpango wa wazazi kulipa ada mapema. Ukiweka fedha katika akaunti ya namna hii, serikali kuu haikupunguzii kitu siku ile ya kuweka. Lakini fedha zikizaa, na baadaye zikatumika kwa ada, vitabu, malazi na mengineyo ya masomo yaliyotajwa katika sheria, basi faida ile haitozwi kodi. Hilo lilithibitishwa na sheria ya mwaka 2001.

Ama siku ya kuweka, fadhila hutoka kwa jimbo, na hapo kila jimbo lina lake. Texas na Florida hazitozi kodi ya mapato kwa watu, kwa hiyo hazina cha kusamehe. California hutoza kodi nzito wala haisamehi kitu kwa akiba hii. Majirani zetu wa Illinois huruhusu mtu alitoe katika hesabu ya pato lake lile aliloweka, hata dola 10,000 kwa mwaka, na mke na mume pamoja hata dola 20,000. Pennsylvania humpa mlipa kodi wake nafuu hata akiweka katika mpango wa jimbo jingine. Majimbo mengi hayana ukarimu huo.

Nataka nisimame hapa kidogo, kwani mimi mwenyewe sikufahamu mara ya kwanza, na nadhani wako wenzangu. Kupunguziwa pato ni kitu kimoja, na kupunguziwa kodi ni kitu kingine. Mtu wa Illinois akiweka dola 4,800, jimbo humwambia: tutajifanya kuwa hukuzipata dola hizo. Na kwa kuwa kodi ya huko ni asilimia 4.95, basi atakayookoa ni dola 237 na senti 60. Indiana yetu, tangu mwaka 2007, haigusi pato. Hukusamehe kodi yenyewe, sehemu ya tano ya kile ulichoweka katika mpango wa jimbo hili. Dola 4,800 zile zile hapa hukuletea msamaha wa dola 960. Wakati ule mwisho wa msamaha ulikuwa dola 1,000 kwa mwaka, na kuanzia mwaka 2023 umekuwa dola 1,500, yaani kwa mwenye kuweka dola 7,500.

Nikapiga hesabu kichwani. Sehemu ya tano ya dola 1,200, mara miaka sita: dola 1,440. Nikasema, "Basi ndugu yangu, zimepotea." Akacheka, akasema hazikupotea, kwani jimbo halikuulizi ulizipata lini, hutazama siku uliyoziweka tu. Zitoe benki, akasema, uziweke huku. Nikataka kuziweka zote kwa siku moja, akanizuia. Msamaha huu hauzidi kodi unayodaiwa. Ukizidi, jimbo halikupi tofauti mkononi, wala halikuwekei kwa mwaka ujao. Kodi yangu ya jimbo ilikuwa dola 1,200 na kitu. Akanishauri niigawe akiba ile mafungu mawili, fungu moja mwaka ule na la pili mwaka ufuatao, kila mara nikitia na zile dola 1,200 mpya. Dola 4,800 na dola 4,800. Msamaha dola 960 na dola 960.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha kama mtu aliyeokota. Mke wangu alisikiliza hata nikamaliza, kisha akauliza neno moja tu: "Na hizo fedha zitazaa kwa njia gani?"

Sikuwa na jawabu. Siku ya pili tulikwenda sote wawili kwa Maalim wetu, mtu aliyesoma fiqhi na ambaye pia huzisoma karatasi za benki, sifa ambayo naona yafaa iwe sharti kwa kila Maalim wa zama hizi. Tulimwuliza masuala mawili. La kwanza, je, msamaha huu wa jimbo ni riba, maana naweka kitu na kupata ziada? Akasema la. Jimbo halikukopa kwako. Lilikuwa lakudai, na mwenye kudai akikupunguzia deni lake amefanya hisani, wala hakukuongezea kitu juu ya mkopo.

La pili lilikuwa zito zaidi. Fedha katika akaunti hii hazikai tu, huingizwa katika mifuko ya uwekezaji, na orodha ya mifuko ni ile iliyopangwa na mpango wenyewe. Huwezi kwenda sokoni ukachagua hisa kwa mkono wako. Tulimwonyesha Maalim orodha tuliyoletewa. Mfuko ambao wazazi wengi huupendelea ni ule wa umri: mtoto akiwa mdogo fedha huwa katika hisa za makampuni, na kadiri anavyokaribia chuo huhamishwa katika hatifungani, yaani karatasi za kuikopesha serikali au kampuni kwa riba. Huo akaufuta kwa kalamu. Mfuko wa hatifungani peke yake, akaufuta. Mfuko wa akiba ya benki, ambao watu huuona kuwa ndio wa salama kuliko yote, akaufuta pia. Ikabaki mifuko ya hisa, na katika orodha ile sikuona hata mmoja uliochujwa kwa kanuni za sharia.

Hapo Maalim alinyamaza kwa muda. Kisha akatuambia kuwa maulamaa wamehitilafiana. Wako wasioruhusu kabisa mfuko ambao ndani yake mna hisa za mabenki na watengeneza pombe, hata zikiwa chache. Na wako wanaosema kuwa mtu asiye na njia nyingine aweza kuingia katika mfuko wa hisa, akajua kiasi cha pato la haramu lililomo, akalitoa kwa masikini bila ya kutaraji thawabu, na asilihesabu kuwa ni sadaka yake. Alituambia pia kuwa nje ya mipango ya majimbo iko mifuko iliyochujwa, kama ile ya Amana iliyoanza mwaka 1986, na kwamba iko akaunti nyingine ya masomo, iitwayo Coverdell, ambayo mtu aweza kuifungua na kuchagua mwenyewe. Lakini hiyo haipokei zaidi ya dola 2,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, na msamaha huu wa Indiana haimo. Akasema, "Mimi nimewaonyesha njia. Kuchagua ni kwenu, na mtaulizwa nyinyi."

Mke wangu alitaka tuache. Mimi nilitaka tuingie. Tulikaa juma zima hatukuafikiana, na sitaficha kuwa sauti zilipanda. Mwisho tulifuata kauli ya pili, kwa masharti yake aliyoyaweka yeye mke wangu: mifuko ya hisa tu, hesabu ya kusafisha kila mwezi wa Ramadhani, na zaka kutolewa humo pia. Juu ya zaka nilimbishia. Nilisema fedha hizi ni za mtoto, nazo zimefungwa. Maalim akaniuliza, "Je, akaunti i kwa jina la nani?" Kwa jina langu. "Waweza kuzitoa ukitaka?" Naweza, ingawa kwa hasara. "Basi ni mali yako," akasema. Sikupendezwa na jawabu lile, wala sikujua kuwa kabla ya miaka mitatu kupita nitalithibitisha kwa mkono wangu.

Mwezi wa Agosti mwaka 2024 mama yangu alianguka bafuni kwake Mombasa akavunjika nyonga. Ndugu yangu alinipigia simu usiku wa manane, akanambia kuwa hospitali yataka fedha kwanza ndipo wampasue, shilingi zipatazo 320,000, yaani dola 2,500. Benki nilikuwa na dola 400. Mke wangu alikuwa kazini zamu ya usiku. Niliketi mbele ya tarakilishi, nikaifungua akaunti ya binti yangu, nikaomba dola 2,500. Ulikuwa ukurasa wenye masanduku machache ya kujaza, na nilipoulizwa kama ni kwa matumizi ya masomo nilijibu siyo. Kwa kuwa malipo yale yangechukua siku kadhaa kufika, nilikopa kwa rafiki mmoja wa ghalani asubuhi ile, nikazituma, na zilipofika nikamlipa.

Mama alipasuliwa, na alhamdulillahi leo anatembea kwa fimbo. Mke wangu sikumwambia. Nilijidanganya kuwa nitazirejesha kabla hajajua.

Mwanzo wa mwaka 2025 ikaja karatasi kwa posta, ile inayoeleza fedha zilizotoka katika akaunti, na aliyeifungua bahasha ni yeye. Alinikabidhi bila ya neno. Tulikwenda kwa mhasibu tukaketi pamoja, naye akapiga hesabu ambayo naiandika hapa kwa sababu nataka kila mzazi aliye katika mpango kama huu aijue kabla ya siku yake.

Jimbo lililosamehe hukumbuka. Ukizitoa fedha kwa jambo lisilo la masomo, Indiana hudai irejeshewe msamaha wake: sehemu ya tano ya ulichotoa, maadam haizidi misamaha yote uliyopata. Dola 2,500 zangu zikawa deni la dola 500. Hali ni hiyo hiyo, alisema mhasibu, ukihama na kuihamishia akaunti yako katika mpango wa jimbo jingine. Kisha ikaja serikali kuu. Yenyewe haigusi mtaji, hugusa faida. Akaunti ilikuwa imefika dola 12,800, na tulizoweka zilikuwa 9,600, kwa hiyo robo ya kila dola niliyotoa ilihesabiwa kuwa ni faida. Dola 625 ziliingia katika pato langu zikatozwa kodi, na juu yake adhabu ya asilimia kumi, dola 62 na senti 50.

"Na yule rafiki yako aliyekukopesha," mhasibu akauliza, "alitaka umlipe baada ya siku ngapi?" Nikamwambia hakutaja siku. Alikuwa amenambia nilipe nitakapoweza. Mhasibu hakusema zaidi. Nilikuwa na karadha njema mkononi, isiyo na muda wala ziada, nikaikimbia kwa haya ya kuwa na deni la mtu, nikaenda kulipa zaidi ya dola 560 kwa serikali mbili.

Garini mke wangu alizungumza. Hakunilaumu kwa mama. Alisema angenipa bangili zake kama ningemwambia. Alichokasirikia ni kuwa zile fedha za mchezo, alizozikusanya kwa kukosa nguo za Idi miaka mingi, zilitoka usiku bila ya yeye kuulizwa. Nilisema kuwa kwa sheria akaunti ni yangu. Ni neno ambalo lau ningeweza kulirudisha kinywani ningelirudisha. Tangu siku ile imekuwa ahadi baina yetu kuwa hapatoki kitu humo ila sote wawili tumeketi mbele ya ukurasa ule, ijapokuwa jina lililoandikwa ni moja.

Zipo habari nyingine za mpango huu ambazo nitazitaja kwa ufupi. Tangu mwaka 2018 fedha zake zaweza kulipia ada za skuli za chini ya chuo kikuu, zikiwemo skuli za Kiislamu. Kwa sheria ya mwaka 2025 kiasi hicho, kilichokuwa dola 10,000 kwa mwaka, kimepandishwa kuwa dola 20,000 kuanzia mwaka 2026. Jimbo letu huiunga mkono ada hiyo ikiwa skuli imo ndani ya Indiana, na majimbo mengine hayaikubali, kwa hiyo ni lazima mtu aulize kwao kabla ya kuchota. Na hapa kwetu msamaha si wa wazazi peke yao. Ami, shangazi, jirani, yeyote alipaye kodi Indiana akiweka katika akaunti ya mtoto wako, yeye naye husamehewa sehemu ya tano. Msikitini petu familia tatu sasa hupeana zawadi za Idi kwa njia hii badala ya vinyago vya plastiki vinavyovunjika kabla ya Sitashara kwisha.

Mwaka wa jana, 2025, tulianza tena. Hatukuweza dola 4,800. Tuliweka dola 100 kila mwezi. Tulimweleza binti yote, pamoja na habari ya bibi yake na nyonga, kwani alikuwa na miaka 15 na tuliona ni haki yake. Alisikiliza, akaenda chumbani kwake, nami nikaogopa kuwa amekasirika. Alirudi na bahasha yenye dola 60 alizopewa Idi, akasema ziwekwe. Nikamweleza kuwa zikiwekwa kwa jina lake hazina msamaha, maana yeye halipi kodi. Zikipita kwangu mimi jimbo litanisamehe dola 12.

Akafikiri, kisha akaniuliza hizo dola 12 zitakuwa za nani. Mke wangu alicheka hata akakaa chini, nami mpaka leo sijamjibu.